Mstari wa Arobaini na Moja

Saa nane za usiku, Vilnius, Februari.
Theluji inagusa kioo kama mgeni asiye na haraka,
chai yangu imepoa kwa mara ya tatu,
nami nalinda hospitali ambayo sijawahi kulazwa.

Kazi yangu ni ukuta.
Si wa tofali, si wa udongo:
ukuta-moto, mistari arobaini ya amri,
huyu apite, yule asipite,
huyu aulizwe kwanza atokako.
Kila mstari naujua
kama mama ajuavyo kikohozi cha kila mwanawe.

Jana wamekuja.
Hawakuvunja kitu. Walijaribu vitasa tu,
nywila baada ya nywila, elfu kwa dakika,
kama mlevi mwenye shada la funguo zisizo zake.
Na wote walikuja wamejitanda utaji,
utaji uleule ambao mimi, Jumamosi na Jumapili,
huushona bila malipo:
programu inayomvua mtu jina,
ikampitisha nyumba tatu za watu asiowajua,
hata yeye mwenyewe akigeuka nyuma
haoni nyayo zake.

Rimvydas, mkubwa wangu, alipiga simu kutoka kitandani;
nilimsikia mkewe akijigeuza.
"Yadviha, zuia utaji wote. Mstari mmoja tu.
Mwenye nia njema ajifunike kwa nini?"

Sikumjibu.
Angezaliwa Hrodna asingeuliza.

Kule, ng'ambo ya mpaka, mama mdogo Anelia
ana uvimbe shingoni, mdogo kama njegere.
Walimkata kipande hapa, kabla njia haijafungwa,
na kipande kile bado tunangoja kiseme.
Kitasema kwenye mtandao wa hospitali hii hii.
Simu yake imepekuliwa kituoni mara mbili:
unamwandikia nani huko? Mpwa wako anafanya kazi gani?
Nilimfundisha utaji kwa siku nne,
yeye aliyekuwa akiifunika simu kwa kitambaa cha birika
akidhani ndivyo watu wanavyofichwa.
Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mchana naamini kuta.
Nimeona orodha za wagonjwa zikiuzwa kwa mafungu, kama vitunguu.
Usiku naamini utaji,
maana nimekulia ndani ya ukuta
ambao kitasa chake kilikuwa upande wa nje.
Watu huniambia: chagua,
kana kwamba nyumba yenye mlango
haihitaji pazia.

Naandika mstari wa arobaini na moja: zuia.
Naufuta.
Naandika tena, kidole kinaning'inia juu ya kitufe.
Namfikiria mtoto wa chumba cha saba,
anayepumua kwa mashine,
na mashine inayopumua kwa waya ninaoulinda.
Hajui Hrodna iko wapi. Hapaswi kujua.

Saa kumi na moja kasorobo nimeandika hivi:
waliojitanda wasifike kwenye mashine,
wasibishe kwa madaktari,
nywila wasijaribu zaidi ya mara tatu;
ila dirisha la majibu libaki wazi,
dirisha dogo, la kusoma tu,
mmoja mmoja, polepole.

Si ushindi. Dirisha ni tundu,
na kila tundu lina nyoka wake
hata kama bado yumo yaini.
Saa tatu Rimvydas ataniuliza,
na sijui nitasema nini.

Saa kumi na moja na dakika kumi na mbili
daftari la seva limeandika:
mgeni mmoja. Hana jina. Hana mji.
Amekosea nywila mara mbili.
Mara ya tatu amefunguliwa,
akakaa dakika kumi na tisa kwenye ukurasa mmoja
wenye maneno yasiyozidi thelathini.

Sikutazama ulikuwa ukurasa wa nani.
Ningeweza; ukuta ni wangu.
Niliinuka, nikamwaga chai,
nikavuta pazia.